Dokta wa Magoti na Mtamba wa Masisi

Grégoire alikuwa sokoni Masisi, tumbo tupu, alipoona pikipiki tatu zikimkimbia mteja. Mteja alikuwa Papa Habumugisha, tajiri wa ng'ombe na jibini, mtu mnene hivi kwamba madereva wakimwona hukumbuka ghafla wana safari nyingine. Ikabidi apande kilima kwa miguu: hatua mbili, pumzi, hatua mbili, mkono juu ya goti.

Grégoire alimshukuru Mungu, kwa kuwa alikuwa Mkristo, akamfuata.

"Papa, hiyo goti iko inalia. Miye iko dokta wa magoti. Kartilaji yako, ile kitu laini ya kati ya mifupa, imeisha. Niko na mafuta ya pori ya Walikale. Itaiotesha mupya."

"Itaota kweli?"

"Itaota sawa maharagi!"

Mafuta hayo yalikuwa mawese na mentoli, na pori la Walikale Grégoire hakuwahi kulikanyaga. Bei ilikuwa mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Papa alikubali papo hapo na kumchukua dokta akae kwake.

Mkewe, Mama Nyiraneza, alinusa chupa mara moja tu. Hakupiga kelele. Alimwita mgeni nyuma ya jiko.

"Unatia mawese mu chupa, unaita dawa. Niite polisi?"

Grégoire, mtu wa maneno, alitikisa kichwa tu.

"Basi utabaki. Lakini masharti ya dawa nitatoa miye, na utasema iko yako. Hakuna fanta, hakuna bia, hakuna mishikaki. Fromaji, ile jibini yake, kidogo. Mboga nusu ya sahani. Kila asubui atembee mpaka ku zizi. Nesi Aurélie alimuambia ile yote bure, miaka mbili. Kilo moya ya tumbo, goti inaibeba sawa kilo ine. Na mafuta ya mwili ya kuzidi inachoma viungo kwa ndani, hata ya vidole. Bwana yangu akasema nesi iko na wivu! Siku atafika ku zizi bila kupumzika, utapata mutamba."

Kwa hiyo jioni ile dokta alitangaza, kwa sauti ya kwenye mazishi, kwamba dawa yake inachukia sukari. Papa, aliyemdharau nesi mwenye diploma, alimtii tapeli bila swali.

Sasa, bia na mishikaki iliyokatazwa ingeliwa na nani? Kutupa chakula ni dhambi. Grégoire alijitolea. Siku ya kwanza alipanda na mgonjwa mpaka zizini. Siku ya pili aliamua kwamba dokta husimamia vizuri zaidi akiwa kitini.

Miezi minne ikapita. Jumamosi moja Papa alifika zizini bila kupumzika, akacheka peke yake kama aliyeokota kitu. Nesi Aurélie alimpima. Kartilaji haikuota, alisema, na haitaota. Ila uzito umeshuka, sukari imeshuka, uvimbe umetulia, na misuli ya mapaja imekaza. Papa hakusikia chochote baada ya "umeshuka".

Mtu mwingine angengoja mtamba wake. Lakini Grégoire alikuwa ameona kando ya huyo mtamba ng'ombe mwenye mimba. Jumapili, nyumba nzima ikiwa misani, aliwafungua wote wawili akashika njia ya Ntoto.

Kwenye kona ya pili goti lake lilisema kra. Mteremkoni likasema tena. Akakaa juu ya jiwe, akihema, huku ng'ombe wakila nyasi za watu.

Papa alirudi kutoka misani, akakuta ng'ombe wawili hawamo zizini, akafuata nyayo. Alikimbia. Naam, alikimbia, mkono mmoja ukishika suruali ya misa iliyokuwa imempwaya.

"Dokta! Unaiba ngombe zangu?"

"Niko nazitembeza, Papa."

Papa hakumpiga. Alimtazama tumbo, akamhurumia, akageuza ng'ombe wake na kupanda nao kilima, akiimba.

Mama Nyiraneza alifika baadaye, kwa mwendo wa kawaida.

"Kazi yako imeisha. Ukweli bwana yangu aliukatala, njo maana tulihitaji muongo."

"Na mutamba yangu, Mama?"

"Tulikuwa tutakupa leo, misa ikiisha. Padri alikubali kukuja kukubariki nayo. Nyama iko ku moto mpaka sasa."

Akageuka akaondoka. Grégoire alijaribu kusimama. Alifaulu mara ya tatu.