Gari Jekundu Nyuma ya Turubai

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Waheshimiwa Wajumbe, wazee wetu, kina mama wa mboga, mafundi cherehani, nawe uliyekalia kiti changu. Wengine jipangeni humo kwa vyeo vyenu. (Makofi machache.)

Mimi, Mkurugenzi wenu wa Maandalizi ya Majanga, nasimama mbele ya turubai hili, ambalo nyuma yake limeegeshwa gari la zimamoto mlilolililia tangu vibanda vya mafundi viungue, kuwaarifu kwamba ofisi yangu haikulala. (Mama fundi cherehani: "Tulilala sisi, nje.") Asante, mama.

Tulianza kitaalamu: mambo yakiharibika kabisa, tuyaiteje kwenye ripoti? Wafadhili hawaelewi "balaa". Semina ya kwanza, hotelini, ikapendekeza worst-case scenario. Ya pili, katika hoteli nyingine kwa ajili ya uwazi, ikaleta nightmare scenario, yaani hali ya jinamizi, ambayo naibu wangu aliikataa kwa kuwa inamkosesha usingizi. Ya tatu, iliyokuwa na bwawa la kuogelea, ikapitisha kwa asilimia mia moja na nne the worst possible outcome, na leo hakuna soko ambalo janga lake limeelezwa kwa ufasaha kama lenu. (Vicheko. Moshi nyuma ya jukwaa.)

Huo ni moshi wa jenereta ya kipaza sauti. At worst, yaani mambo yakiharibika kabisa, itazimika. (Jenereta inashika moto. Mama fundi: "Kibanda changu kipya kiko hapo hapo, baba. Toa hilo gari.") Gari litatoka kwa mujibu wa ratiba, baada ya mgeni rasmi, ambaye ni mimi, kukata utepe. (Mama fundi anaukata kwa mkasi wake wa kazi. Turubai linaanguka. Mama fundi analitazama gari, kisha anaita ndoo. Kina mama wa mboga wanakimbia na ndoo zao za kunyunyizia mchicha. Moto unazimika hatua moja kutoka kibandani.)

Kama mlivyojionea, utekelezaji umeanza. Soko Salama, Maisha Salama! (Mama mmoja anajaza ndoo tena.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru kina mama kwa maji, fundi kwa mkasi, na zaidi mchoraji wetu wa mabango, ambaye kwa mbao chache na kopo la rangi nyekundu amewapa gari ambalo semina hazikuliachia bajeti. Mama mwenye ndoo, tafadhali usilisogelee. Rangi bado mbichi.