Nahodha ni Mimi

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa Ujiji! Kundi la maigizo linakuja na mchezo wa meli. Jumamosi mchana, ukumbi wa shule. Si mchezo wa kukaa na kutazama tu. Watazamaji wanaitwa jukwaani, wanakuwa abiria. Mmoja wao anafanywa nahodha, na neno lake ndilo linaloamua meli itaokoka vipi.

Nahodha! Nani mwingine hapa mtaani ana kifua kama changu? Dada Asnath, ambaye nakaa kwake tangu biashara yangu ya majiko ife, anasema wapo wengi. Dada hajui sanaa.

Kikwazo ni Gasper kinyozi, jirani yetu. Kila harusi maikrofoni anashika yeye. Sauti nzito, meno meupe. Wakimwona tu, nimekwisha. Dawa yake itapatikana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda ukumbini kujitolea. Mwongozaji ni Bi Yasmini, mtu wa Tanga, mpole kupita kiasi. Nilimkuta anapima mlango kwa futi ili kiti mwendo kipite. Anataka kila mtu aje, hata wale ambao kelele na taa na kusukumana huwashinda. Ngoma zitapigwa kwa chini. Taa za ukumbi hazitazimwa zote. Darasa la jirani litakuwa chumba cha utulivu, lina mikeka na maji, mtu akizidiwa anakwenda kupumzika na kurudi akitaka. Mambo mengi! Nikatikisa kichwa kama mtaalamu.

Kisha akasema neno lililonisimamisha masikio. Mlangoni kila mtu atachagua utepe. Mwekundu maana yake niiteni jukwaani. Mweupe maana yake niacheni nitazame kwa raha zangu. Waigizaji hawamgusi kabisa mwenye mweupe.

Nikaomba kazi ya kugawa tepe. Nimepewa! Nikapendekeza pia kwamba chumba cha utulivu kinahitaji mtu mstaarabu, na kwamba hakuna mstaarabu kama Gasper. Bi Yasmini kanishukuru. Gasper naye kanishukuru! Siku nzima atakaa darasani analinda mikeka. Ego, ndiyo hivyo! Akili ni mali.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ilikuwa siku ya kuonja ukumbi. Anayetaka anakuja mapema, anaonyeshwa atakapokaa, anashika mavazi, anasikilizishwa honi ya meli kidogokidogo ili isimshtue Jumamosi.

Dada kampeleka Wema, bintiye. Wema ana miaka kumi na tisa. Kelele humuumiza kama sisi tunavyoumizwa na moto. Blenda ikiwashwa, anatoka nje. Harusini haendi. Lakini michezo ya redio, ikiwekwa sauti ya chini, ameikariri yote.

Waliniambia nami niende. Mimi? Nikaonjeshwe honi? Mwanamume mzima niliyekulia kando ya ziwa? Nikabaki nyumbani nafanya mazoezi ya kutoa amri. Kuku wametii. Mbuzi wa Bi Genoveva wa nyumba ya pili hakutii, ila yule hamtii hata mwenyewe.

Wema amerudi anatabasamu. Alitaka kunisimulia jambo kuhusu kitambaa cha njano. Nikamwambia baadaye, nahodha ana kazi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu mapumziko, mimi mipango. Nimemkatia Wema utepe mweupe mapema na kumwekea juu ya kanga yake. Mtoto yule hawezi jukwaa, kila mtu anajua. Dada akauliza kama nimemuuliza mwenyewe. Nikasema mambo mengine huulizi, unayaona kwa macho. Dada akanitazama kama anavyotazama samaki aina ya migebuka waliolala.

Jumamosi, 9 Agosti

Mengi yametokea leo, naandika yote.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama maji. Nilisimama mlangoni na makopo mawili ya tepe. Kila aliyenyoosha mkono kwenye nyekundu nilimnong'oneza. Fundi baiskeli nilimwambia wenye nyekundu watasomewa meseji zao za simu hadharani. Akachukua mweupe, na mwingine wa akiba. Kwaya nzima niliiambia itavuliwa viatu mbele za watu. Nyeupe zote! Bi Genoveva alipofika na kiti mwendo chake, nikamwelekeza pembeni kabisa, nyuma ya nguzo. Akanitajia ukoo wangu wote kwa Kiha, akajisukuma hadi mstari wa mbele, na watu wakamsogezea benchi kumpisha. Sawa. Lakini utepe alichukua mweupe, alisema miguu yake haitaki jukwaa ila macho yake yanataka.

Ukumbi mzima mweupe kama pamba! Nyekundu moja tu, kifuani pangu.

Bi Yasmini akaanza kwa kueleza taratibu, na mkalimani wa lugha ya alama pembeni yake. Mimi sikuwapo. Nilikuwa chooni nafunga tai.

Mchezo wenyewe: meli imejaa mno, maji yanaingia, tajiri wa mawese hataki mapipa yake yaguswe, na abiria, waigizaji watupu, wanagombana nani ashushwe. Mara mwigizaji mmoja akasimama karibu na mlingoti, akainua kitambaa kikubwa cha njano. Nikaona watu wanainua mikono kuelekea masikioni. Nikajua wananipigia saluti! Ndiyo ishara ya nahodha! Nikainuka. Nikapita katikati kwa hatua za heshima. Watu wananipungia nirudi, mimi nawapungia pia. Nikafika mlingotini, nikageuka, nikavuta pumzi nitoe amri.

Honi ikalia sikioni mwangu.

Mawe, mama wee! Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nimo ndani ya wavu wa kuvulia, nimepiga magoti, namwita marehemu bibi yangu. Nakumbuka mikono yenye harufu ya poda ya kunyolea. Gasper! Alinitoa wavuni, akanishika bega, akanipeleka chumba cha utulivu taratibu kama yai. Akanilaza kwenye mkeka. Akanipa maji. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Pumua, kaka. Hapa hakuna anayekuharakisha." Sijawahi kumchukia mtu kiasi kile. Na mkeka ulikuwa mzuri.

Nikasikiliza ukuta. Kimya. Hakuna kicheko, hakuna makofi. Nikafarijika: bila mimi, mchezo umedorora! Nikajikongoja hadi dirishani nione aibu yao.

Ukumbi mzima umeinua mikono, vidole vinacheza hewani. Ndivyo walivyokubaliana kushangilia, makofi yasiwaumize wengine. Na jukwaani, amevaa kofia ya nahodha juu ya hedifoni zake kubwa za kuziba kelele, nani? Wema wetu. Kifuani ana utepe mwekundu!

Dada kanisimulia njia nzima, machozi hayamkauki. Mwenye mwekundu pekee alipopelekwa kupumzika, Bi Yasmini aliuliza kama kuna aliyebadili nia. Wema akasimama. Akavua mweupe. Akauliza honi imebaki ngapi, akaambiwa hakuna tena. Akapanda. Sauti yake ndogo, basi ukumbi ukanyamaza wote umsikie. Abiria wakamsukumia swali la nani ashushwe, mzee au mgonjwa au mgeni. Akawaangalia mmoja mmoja. Akasema, "Mapipa hayana mama. Shusheni mapipa."

Jioni nilimkuta uani anachambua dagaa. Nikamwambia sikujua kama anataka. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Ungeniuliza tu, mjomba."

Nikaketi nimsaidie kuchambua. Dagaa ziliniingia machoni.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na mwanga mpya kichwani! Kwanza, kule Katonga wachuuzi wa samaki wanasema yule jamaa wa wavuni aliigiza vizuri mno. Sikuwasahihisha. Pili, Bi Yasmini amekuja nyumbani baada ya ibada. Kundi linapanda Kalinzi, kisha linakwenda Mwamgongo kwa boti, na anamtaka Wema awe nahodha kote huko. Wema amesema atafikiri, atajibu kesho.

Kufikiri nini? Nilimfuata Bi Yasmini hadi barabarani, nikamwambia Wema amekubali, na kwamba msanii wa kiwango kile hatembei bila meneja. Meneja ni mimi. Nimeshapanga atavaa nini, atakaa wapi kwenye boti, na atawaambia nini watu wa Mwamgongo. Hotuba ndefu kidogo, lakini nzuri.

Wema mwenyewe sijamwambia. Amelala, na mtu aliyelala huwezi kumsumbua kwa maswali.