Kiapo Kinaishia Mpakani

Jumanne, 2 Septemba

Kikao cha familia. Nimehukumiwa bila wakili.

Jambo lenyewe ni sendofu, sherehe ya kumuaga binti yangu mdogo, Erica, kabla ya harusi, Jumamosi ya wiki ijayo. Baba ndiye anayemwingiza binti ukumbini, kwa kucheza, toka mlangoni mpaka meza kuu, wimbo mzima. Mwaka juzi nilimwingiza dada yake, Priska. Niliishia katikati. Pumzi ziligoma, nikaketi kwenye kiti cha mgeni mmoja, juu ya mkoba wake. MC akatangaza kwamba baba amepata pancha. Shemeji yangu Lusubilo, muuza vipuri, akaruka akisema tairi la akiba lipo, akamshika Priska mkono, akamalizia njia. Video ipo. Ukoo mzima unayo, hata wale wa Zambia.

Leo mke wangu, Fortunata, amesema haitajirudia. Ijumaa tarehe 12 nitacheza wimbo mzima pale sebuleni bila kushika kitu. Nikishindwa, Lusubilo ndiye atakayemwingiza Erica. Lusubilo akakohoa kinyenyekevu. Kumbe ameshashona suti nyeupe! Suti haishonwi kwa siku moja. Hawa walipanga.

Nikamtazama Erica anitetee. Akasema baba, nakutaka wewe, ila nataka ufike.

Imeniuma sana. Nimekula chapati mbili za ziada ili nitulie.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeandikishwa yoga! Mimi, Asajile, wakala wa forodha, miaka hamsini na moja, baba wa watu.

Mwalimu ni Witness, binti wa wakulima wa kahawa wa Iyula. Anafundisha alfajiri kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Wanawake kumi na sita, mikeka kumi na sita, na mimi kwenye kipande cha turubai la lori. Mama mmoja aliuliza kama hii yoga ni dini. Witness akajibu ni kujinyoosha na kupumua tu, kisha akaanza kwa sala. Tukaridhika.

Pozi la mti: unasimama kwa mguu mmoja. Nilimwangukia Mama Ruti, Mama Ruti akamwangukia jirani yake, tukaenda mstari mzima mpaka dirishani. Pozi la maiti: unalala chali bila kuwaza chochote. Hapo nina kipaji. Niliamshwa ukumbi unafagiliwa.

Halafu masharti. Mboga, maji, kutafuna kila tonge mara thelathini, kutembea kila siku kwa utulivu. Na kubwa kuliko yote: hakuna kutia kitu mdomoni baada ya saa kumi na mbili jioni. Fortunata akaniapisha papo hapo, mkono juu, mbele ya wale akina mama, nusu ya kwaya ya kanisa.

Chakula changu cha jioni kilikuwa boga la kuchemsha, saa kumi na moja. Lilikwisha kutafunwa kabla ya mara ya sita. Tumbo linanguruma mpaka paka ameondoka chumbani.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimepata! Mungu si Athumani.

Nilikuwa mpakani na karatasi za lori la saruji. Dereva, Jastin, yuko kwenye foleni siku ya tatu sasa. Nikamwona anairudisha saa yake ya mkononi nyuma. Nikamuuliza imeharibika? Akasema hapana, mzee, nazoea saa za Zambia.

Nikasimama pale mdomo wazi. Zambia wako nyuma yetu saa nzima! Nimeishi Tunduma miaka ishirini na sita, nalijua hilo kama jina langu, na sijawahi kulitumia hata siku moja.

Saa kumi na mbili jioni ya kwetu, Nakonde ni saa kumi na moja. Mtu akila Nakonde saa kumi na moja na nusu, amevunja kiapo gani? Tena kiapo chenyewe nilikula Tanzania. Mimi ni mtu wa forodha, najua karatasi ya upande huu inaishia wapi.

Jioni nikamwambia Fortunata natoka kwenda kutembea kwa utulivu. Machozi yalimlenga. Bodaboda sikuthubutu, wote wanamjua, wangenichomea kwake. Nikaenda kwa miguu, nusu saa kamili, nikipita pembeni ya malori nikihema kama lori lenyewe. Ng'ambo kuna Nesta, binamu ya Fortunata aliyeolewa huko, ana banda la nyama. Akanipokea kwa Kibemba, mulishani, batata, yaani hujambo baba! Nikamwapisha asiseme neno. Akaapa huku anacheka. Nusu kilo ya kitimoto na nshima, ugali wa kwao. Nilitafuna mara nne.

Kurudi ni kupanda. Nilipumzika mara saba. Fortunata akasema nimeng'aa uso. Ni mafuta, lakini sikumwambia.

Jumamosi, 6 Septemba

Lusubilo kaja yoga. Hakualikwa! Kasimama kwa mguu mmoja, macho kafumba, anatabasamu. Akina mama wakampigia makofi. Mtu mzima hovyo.

Ila nilidokezwa jana, nikajiandaa. Nilimpelekea bakuli la maharage na viazi vitamu, nikamwambia ndicho chakula alichokula nabii Danieli akanawiri kuliko vijana wote wa mfalme. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: maharage yale, kisha pozi la kukunja magoti kifuani, kisha aibu. Lusubilo akanishukuru kwa sauti, akasema haiwezekani ale peke yake wakati shemeji ana uhitaji mkubwa zaidi. Akanipa robo tatu. Witness na watu wote wananitazama. Ningefanyaje? Nikala.

Magoti kifuani. Ukumbi kimya. Sauti ikatoka kwenye turubai langu, ndefu, yenye mawazo yake. Witness akasema hiyo nayo ni afya. Mama Ruti alicheka mpaka akatolewa nje, na ukweli ni kwamba hata mimi nilicheka.

Jioni, Nakonde. Nesta kaleta nyama kidogo na mboga za majani nyingi. Anasema nguruwe wamekuwa adimu. Biashara ngumu Zambia.

Jumatatu, 8 Septemba

Suruali yangu ya kijivu imeanguka ofisini, mbele ya mteja kutoka Lubumbashi. Sabuni za siku hizi zinalegeza kitambaa.

Kero mpya: madereva wa foleni. Wananiona napita kila jioni, wamenibatiza Mzee Mazoezi. Jastin akaniuliza naelekea wapi kila siku. Nikashtuka, nikasema nafundisha yoga. Basi nimekwisha! Wakashuka, wanane, wakataka somo. Nikawafundisha mti kati ya malori mawili. Nikawafundisha mlima. Nilipotaka kuondoka, watatu wakanifuata wakisema na wao wanataka kutembea kwa utulivu. Ikabidi nikaze mwendo. Nao wakakaza. Mwisho nikakimbia, nikawapotezea kwa wabadilisha fedha, nikafika kwa Nesta nimelowa.

Nikakuta samaki wa kuchemsha, bamia, na nshima ya kumtosha mtoto wa chekechea. Nikamuuliza kulikoni. Akasema jiko la mkaa limekorofisha. Nimekula nikinung'unika.

Jumatano, 10 Septemba

Jana na leo madereva walinisubiri. Sasa ni ishirini na mbili, na Jastin, lori lake bado halijavuka, ndiye kiranja. Somo kwanza, ndipo wananiachia nipite, ndipo nakimbia. Nachoka kuficha jambo dogo kiasi hiki.

Nimepanda kilima cha kurudi bila kupumzika. Nadhani halmashauri wamekisawazisha.

Lusubilo alipita nyumbani na suti yake, akaivaa, akazunguka sebuleni. Erica alicheka akasema mjomba umependeza. Nikaenda kusimama uani. Nilimshika yule mtoto akiwa na saa mbili tu duniani. Siwezi kumtazama akiingia kwa mkono wa tairi la akiba.

Ijumaa, 12 Septemba

Mtihani. Nilikuwa na mpango: flashi yenye wimbo mmoja wa dakika mbili tu. Nikaichomeka kwenye redio mapema. Lusubilo akaja na flashi yake, akachomoa yangu, akaweka wimbo wa kwaya wa dakika tisa! Dakika tisa, na mapambio yanarudiwa!

Nikacheza. Dakika ya tatu nikasubiri pumzi zigome. Hazikugoma. Dakika ya sita nikaongeza mabega. Dakika ya nane Fortunata akaingia kucheza nami, na Lusubilo akakaa kwenye kochi, suti inamkunjamana. Erica akapiga vigelegele. Nimefaulu!

Kwa nini? Nimelifikiria sana. Ni kitimoto ya Nesta ya siku zile za kwanza. Nyama ya Zambia ina nguvu inayochelewa kufika.

Jambo moja baya: katikati ya mapambio saa yangu ya mkononi ilichomoka ikaruka mpaka kwenye kabati. Mkanda umepwaya. Nimeipeleka kwa fundi auongezee tundu. Si kitu, simu ina saa.

Jumapili, 14 Septemba

Nitaandika yote.

Jana Erica alitakiwa kuingia ukumbini saa kumi na mbili kamili jioni. Saa kumi nilikuwa nimeshavaa. Nikawaza: siku kubwa inataka nguvu ileile. Nikateleza kwenda Nakonde. Banda la Nesta limefungwa! Jirani yake akasema kaenda kwenye shughuli. Nikaenda banda la pili, nikaagiza kitimoto ya kweli, na kwa mara ya kwanza nikatafuna kila tonge mara thelathini. Utulivu mtupu. Nikaangalia simu: saa kumi na moja kasorobo. Nina saa nzima na ushei. Nikaagiza na figo.

Simu ikalia. Fortunata. Uko wapi, MC ameshaita. Nikamwambia mke wangu tulia, saa kumi na moja bado. Akauliza, polepole: kwa saa za nani, baba Priska?

Damu ilinishuka hadi kwenye viatu. Simu ilikuwa imedaka mtandao wa Zambia. Ikajirudisha nyuma yenyewe, kimyakimya, kama Jastin. Tunduma ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo.

Nikatoka mbio. Nikavuka nikipiga kelele boda! boda! Hakuna hata mmoja. Bodaboda wote wamekodiwa kusindikiza msafara wa Erica. Na aliyewakodi ni mimi.

Basi nikakimbia. Suti, viatu vya kuchongoka, tai begani. Madereva wakaniona. Jastin akapiga honi, wa nyuma yake akapiga honi, foleni nzima ikapiga honi mpaka juu, wanapaza sauti twende Mzee Mazoezi! Sikusimama. Nilikuwa nalia na nakimbia, nikijisemea Asajile, mpumbavu wewe, mtoto anakusubiri mlangoni. Kilima kile nilikipanda chote.

Nikafika. Lusubilo yuko mlangoni, suti nyeupe, kiwiko tayari, muziki umeanza. Erica hajashika kile kiwiko. Amesimama anatazama barabarani. Aliponiona akasema tu, baba. Akanifuta jasho kwa ncha ya shela yake, akaniuliza kama naweza. Nikasema shika mkono.

Tukaingia. Toka mlangoni mpaka meza kuu! MC akaomba wimbo urudiwe, tukarudi mlangoni, tukaingia tena. Erica anacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kufurahi hivi tangu azaliwe, na sitaki kuliremba neno hilo.

Wakati wa zawadi, Nesta akapita mbele na hotipoti. Akashika maiki, akasema hii ni sehemu ya shemeji ya kila jioni, aliyoikosa leo. Akafunua: bamia. Ukumbi ukalipuka. Kumbe alimpigia Fortunata simu siku ileile ya kwanza, kabla sijamaliza kunawa mikono! Fortunata akamwambia mwache aje, amejitembeza mwenyewe bila kusukumwa, wewe punguza nyama tu kidogo kidogo. Kumbe ni yeye aliyemtuma Jastin kunisubiri na madereva! Akaniambia sikioni kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Halafu akanilazia kichwa begani mbele ya watu wote.

Lusubilo alikuja kunipa mkono. Alikuwa anahema. Kacheza nyimbo mbili tu, kifungo cha suti kimeruka. Nilimhurumia, kwa furaha.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimepumzika, nimetafakari, kama Witness anavyotufundisha. Sasa naona mambo sawasawa.

Fortunata anadai ni kutembea, mboga na pumzi. Mwanamke lazima adai kitu. Ushahidi unasema vingine. Siku zote nilizokula kwa saa za Zambia niliongezeka nguvu. Jana na leo nimekula kwa saa za Tanzania, na leo asubuhi pozi la mti limenishinda, nimemwangukia Mama Ruti tena. Karatasi hazidanganyi.

Lusubilo kaja mchana, mnyonge. Binti yake Tabita anaolewa Desemba, na mkewe amemtazama tumbo akatikisa kichwa. Kaniomba siri yangu. Nilimzungusha kidogo, kisha nikamwonea huruma. Kesho jioni nampeleka ng'ambo. Banda la pili, siyo la Nesta, wala hatamwambia mtu, ameapa.

Tena safari hii hatutembei kijinga. Tunapanda bodaboda.