Madoa Asipelekwe Benki

Daudi, Mbulu
Machi 1969

Kwa Ndugu Meneja wa Benki,

Shikamoo. Nimeambiwa wewe ni mtu mzima. Kama ni kijana mwenzangu, basi shikamoo yangu uirudishe kwa posta, sitachukia.

Mimi ni Verdiana, mke wa Nicodemo na mama wa Zita, ambaye yuko mgongoni hapa ananivuta kitambaa, kwa hiyo mwandiko ukipanda mlima usinilaumu. Nina malalamiko juu ya benki yako. Nayaleta kwa heshima, lakini nayaleta yote.

Gari la benki lilifika hapa siku ya soko. Karani wako, Ndugu Tadeo, kijana safi wa soksi ndefu, alitueleza kuwa mabenki sasa ni mali yetu wananchi, tuuze mifugo ya ziada tuweke fedha, maana fedha zikikaa benki zinazaa. Mzee Sulle akamwuliza, "Zinazaa jike au dume?" Watu wakacheka. "Zinazaa riba, mzee." "Na maziwa anakamua nani?" Tadeo akainama akavuta soksi zake. Mimi nilicheka kuliko wote, nikidhani yameisha. Kumbe mzee alikuwa anauliza kweli. Kesho yake akaja kwangu: "Binti yangu, mnada ujao namchukua Madoa. Na yeye akazae benki."

Madoa ni ng'ombe wa Mzee Sulle, ila anakaa kwangu. Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja, ugonjwa ukiingia utawamaliza. Huwaweka kwa watu. Mtunzaji hunywa maziwa na kuchukua samadi, ndama ni wa mwenyewe. Maziwa ya Madoa ndiyo anayokunywa Zita, kwa sababu yangu yalikauka wakati wa palizi. Sasa unaona benki yako imeingiza mkono katika kikombe cha nani.

Kwa hiyo nalalamika:

1. Kwamba benki haionyeshi. Mzee Sulle akitaka kumwona Madoa anakuja, nampa uji, anamshika nundu, anaondoka ameridhika. Nilimwuliza Tadeo kama mtu anaweza kuja kuzitazama fedha zake. Akasema hazipo pale, wamekopeshwa wengine. Ndugu Meneja! Mimi nikimpeleka Madoa kwa mtu wa tatu bila kumwambia mwenyewe, naitwa mbele ya wazee, na Nicodemo anatoa pombe ya faini.

2. Kwamba mnakopesha watu msiowajua kwao. Tadeo anasema mnaangalia karatasi. Sisi tunamwangalia mama yake mtu.

3. Ng'ombe akifa, mtunzaji hupeleka ngozi, mwenyewe aione. Fedha zikifia kwenu mtaleta nini? Naomba iwe sheria: ngozi.

4. Juzi juzi tuliambiwa tupeleke shilingi za zamani tupewe mpya. Hatukukataa, hizi ni zetu wenyewe na zinapendeza. Lakini Madoa ni yule yule tangu siku za mkoloni, na hakuna aliyetuita tukambadilishe.

5. Kwa kuwa benki ndiyo itakuwa mtunzaji, maziwa yatakuwa yenu. Basi naomba gari lilete chupa moja hapa kila asubuhi, yakiwa ya vuguvugu. Mvua ikikata barabara, Tadeo apande kwa miguu. Chupa nitatoa mimi, kwa hiyo asubiri mpaka Zita amalize ndipo arudi nayo ikajazwe. Mama mkwe wangu, Philomena, anasema na samadi msisahau.

Sina ugomvi na benki. Nchi inajengwa kwa fedha, najua, mikutano nahudhuria, hata kama huwa nasinzia kwa uchovu. Lakini mtoto ambaye bado anatambaa hawezi kunywa riba ya mwaka kesho. Juu ya hilo sirudi nyuma.

Msalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, makarani wote, na mlinzi wa mlangoni ambaye hakuna anayemkumbuka. Tadeo mwambieni ale, amekonda.

Ni mimi raia mwenzenu mwenye usingizi,
Verdiana Nicodemo

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha Mzee Sulle amepita. Nimemsomea barua yote. Ameifurahia sana ile ya ngozi, lakini fedha bado anazitaka. Tumekubaliana aniuzie Madoa mimi, asimpeleke mnadani. Kwa hiyo futa malalamiko yote, la kwanza mpaka la tano, na badala yake naomba mkopo wa bei ya ng'ombe mmoja. Mama yangu ni Genoveva wa huku huku Daudi, ulizeni. Mkinipa, nitampa Mzee Sulle, naye amesema atazileta kwenu siku hiyo hiyo. Fedha hazitatoka mlangoni kwenu, wala Madoa hatatoka zizini kwangu. Ni nini hasa kitakachotembea sijui, lakini Zita atakunywa maziwa.