Utulivu wa Robo ya Tano

Ofisi ya Uchunguzi wa Masharti ya Mikopo, Washington, ilikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba kwa robo mwaka ya tano mfululizo hakuna kilichobadilika.

Nilipika kahawa katika ofisi hiyo miaka kumi na tisa, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Kazi yetu ilikuwa nzito. Mikopo ya hoteli, maduka na maghorofa ya maofisi hufungwa pamoja kama robota la mitumba, kisha vipande vyake huuzwa kwa matajiri, nao matajiri hukopa benki ili wavinunue. Sisi tuliziuliza benki ishirini na mbili: miezi hii mitatu, masharti ya kuwakopesha hao yamekaza, yamelegea, au yako vilevile? Benki inatia alama kwenye kisanduku kimoja. Basi. Shughuli hiyo ilikuwa na wafanyakazi arobaini na mmoja, na mmoja wao alikuwa wa kuchonga penseli tu.

Robo ile Bernadette Kosinski, karani wa simu, alizipigia benki zote akapewa jibu moja: yako vilevile. Lakini yeye ni mtu wa kuchokonoa. Akamuuliza mama wa benki ya mwisho, "Dada, vilevile vipi?"

"Vilevile hatukopeshi mtu. Tumefunga mikopo tangu mwaka juzi."

"Hata senti?"

"Hata aje mdogo wangu wa tumbo moja."

Akazipigia upya zile nyingine. Zote zilikuwa zimefunga. Akaenda kwa Mkurugenzi Lowell Haverty, aliyekuwa akipaka jibini kwenye mkate wake, taratibu, mpaka ukingoni.

"Bosi, hakuna benki inayokopesha. Tukiandika 'utulivu', watu watadhani mikopo ipo."

"Robo iliyopita walikuwa wamefunga?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

"Wamefunga."

"Badiliko liko wapi sasa, Bernadette? Fomu haiulizi kama mtu amekufa. Inauliza kama hali yake ni tofauti na tulivyomwacha."

"Mimi hapo siweki saini."

"Ijumaa ikifika hujaweka, fungasha."

Ijumaa akafungasha: sweta la kijivu, kikombe, viatu vya theluji. Haverty akasaini mwenyewe kwa wino wa buluu, akaenda Bungeni kuomba watumishi kumi zaidi. Sisi tukamtazama kwenye televisheni ya jikoni.

Mheshimiwa Winifred Tate, mwenyekiti wa kamati ya bajeti, alisoma ripoti zote tano, akilowesha kidole kila ukurasa.

"Bwana Haverty, mbona zote ni moja?"

"Ni utulivu, Mheshimiwa."

"Kama kumetulia, wewe wa kazi gani? Fungu lako tunalishusha hadi sifuri."

Haverty akaruka kitini. "Kumetulia wapi, Mheshimiwa! Hakuna anayekopesha! Wenye majengo wanazama!"

"Imeandikwa ukurasa gani?"

Akafunua, akafunua, akafunga. "Karani wangu anajua yote. Mwiteni yeye."

"Yuko wapi?"

"Nimemfukuza."

Jikoni tuliacha kutafuna. Haverty akafuta jasho kwa tai yake.

"Mheshimiwa, sifuri ni ukatili."

"Utaumia robo hii moja tu, bwana," Mheshimiwa akamwambia, akivua miwani. "Robo ijayo utatuandikia hakuna kilichobadilika."