Ng'ombe Mwekundu wa Ukutani

Remigius, msanii wa mitaani, aliuona ukuta mweupe wa hoteli mpya ya Mama Lukresia, Karatu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro, na moyo ukamruka. Ukuta mtupu, na mwenyewe anashindana na hoteli ya jirani! Fundi gani angepita hapo akaendelea na safari?

Alimweleza Mama Lukresia kwamba tembo aliyechorwa kwenye ukuta wa jirani yake ameigwa mtandaoni, na watalii wa siku hizi wanataka kitu halisi. Yeye ameishi na wafugaji Engaresero, akala kwao, akachunga nao. "Mama, mimi sichori nisichokiona kwa macho yangu," alisema, mkono kifuani. Mama akakubali bei ya kufuru. Kwa kweli Engaresero aliisikia kwa watu tu, na kundi zima la ng'ombe alilochora lilitoka kwenye picha za simu yake, pamoja na chapa za ubavuni.

Siku ya uzinduzi alirudia kiapo chake mbele ya padri na waongoza watalii. Ndipo mzee mmoja Mmaasai, Moloimet, akausogelea ukuta, akapapasa sikio la ng'ombe mwekundu, machozi yakimlengalenga.

"Huyu ni wangu. Chapa ni ya ukoo wetu, na sikio hili nililikata mimi. Aliibiwa. Kijana, ulimwona wapi?"

Maskini Remigius! Akiitaja simu, malipo yamekwenda na jina limekwenda. Akinyamaza, ni mwizi wa mifugo, na vijana wa mzee walikuwa na fimbo.

"Mzee wangu, tuongee pembeni," alisema.

Pembeni walielewana: Remigius amnunulie mzee mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Mzee akarudi akamsifu kijana kwa msaada wake, watu wakapiga makofi, na malipo ya ukuta yote yakaishia mnadani.

Wiki iliyofuata Remigius alikwenda Mto wa Mbu kuwinda ukuta mwingine. Mbele ya nyumba ya wageni alikuta umati, na katikati Moloimet akimlilia ng'ombe mwingine wa kuchorwa ukutani, mchoraji wake kando, brashi mkononi. Remigius akafungua mdomo amuumbue, lakini mzee alimwahi.

"Huyu hapa bingwa wa Engaresero," aliwaambia watu. "Hachori asichokiona. Muulizeni kama chapa hii si yangu."

Mwenye nyumba alimgeukia Remigius kwa heshima kubwa. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa pili, mrefu, haujaguswa.

"Ni yake," alisema Remigius.