Vita vya Mawe Kumi na Tisa Ukingoni mwa Bwawa

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama! Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sitaki bughudha. Nawasimulia habari za shemeji yangu, fundi cherehani, Simba wa Sindano, Bingwa wa Pindo, aliyechimba bwawa la samaki uani kwake, akapanga mawe kumi na tisa ukingoni, penye mteremko. Nayo mawe hayo, mara mbili, yakaporomoka majini yote, chubwi!

Siku ya tatu dada yangu, mkewe, akatoka jikoni.

"Baba watoto, nimechoka. Likianguka tena hata jiwe moja, nafukia hilo bwawa napanda mboga."

Lo! Moyo wa shujaa ukamwenda mbio. Mle mlikuwa na samaki saba aliowalea tangu wakiwa vidagaa, na aliwapenda mno.

Akarudi vitani. Akaanza juu, kama kawaida yake, akichagua mawe laini ya kupendeza. Mimi, mwandishi wa habari hizi, nilikuwa kitini na kikombe cha chai. Kosa nililiona tangu siku ya kwanza, lakini nani aliniuliza?

"We mwanamume," dada akapaza sauti dirishani, "suruali ndiyo unaanzia kiunoni. Hapo anzia chini!"

Shujaa akafura, kisha akatumbukia majini hadi magotini. Akachimba kidato, kama cha ngazi, chini ya mteremko, akalikumbatia jiwe kubwa kuliko yote, baya la kutisha, akalilaza humo likiegemea udongo.

"Ewe jiwe lenye sura mbaya!" akanguruma. "Nilikudharau, nisamehe! Leo nakukabidhi maisha ya saba wasio na hatia. Simama, nami nitakuheshimu mpaka kufa!"

"Unaongea na nani huko?"

"Na jeshi langu, mama watoto!"

Jiwe juu ya jiwe, kokoto zikishindiliwa kila upenyo, akapanda mpaka juu. Ndipo dada akaja kukagua. Dada yangu si mwepesi, na ole wake atakayemwambia. Akakanyaga moja, akakanyaga la pili, na alipofika la kumi na tisa akaruka juu, akatua kwa miguu yote miwili.

Pu!

Shemeji akafumba macho. Mimi nikaweka kikombe chini.

"Haya," dada akasema, "libaki."

Na iandikwe, isomwe na vizazi: Jumamosi, saa kumi alasiri, jiwe halikutikisika, na Simba wa Sindano, matope hadi kwapani, akalia mbele za watu bila haya.